Velodromu Kwenye Parsele Yetu

Baiskeli ile haikuwa na breki, haikuwa na portabagaji ya kubebea mzigo, haikuwa na kengele wala taa, na mume wangu aliiingiza uani ameishika kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Niliizunguka mara mbili, maana mimi huhesabu kila kitu mara mbili, watoto wangu pia. Mara zote mbili nilikuta vitu vilevile havipo.

"Ingine itakuja?" nikamwuliza.

"Ingine gani? Iko hivi. Imekamilika."

Ilikuwa zawadi. Mzungu mmoja aliyekuja Goma baada ya mlima wa volkano kuwaka, kwa kazi ya kugawa mahema na masufuria, aliibeba kutoka kwao kwa ndege. Nadhani hakuna aliyemwonya kwamba barabara zetu wakati ule zilikuwa mawe meusi yaliyopoa juzi. Aliipanda siku moja, akarudi anaisukuma. Kazi yake ilipoisha alimwachia mume wangu, ambaye ana karakana ya baiskeli na chukudu pale Mabanga. Pamoja na baiskeli aliacha diski moja ya sinema: watu wanaoshindana juu ya baiskeli za aina hiyo.

Laiti angeacha baiskeli akaondoka na diski.

Mimi ni mfanyabiashara wa maharagwe. Kitu kisichobeba gunia nakitafutia mwenyewe mwingine. Mume wangu alipotoka, niliisimamisha mbele ya karakana, na baada ya muda akaja muzee mmoja wa Kiwanja, kule Rutshuru, aliyekuwa akitafuta baiskeli ya kubebea makaa. Akaishika, akainyanyua kwa mkono mmoja. Nikaona uso wake umefurahi, nikasema moyoni hii imekwenda.

"Ni nyepesi," akasema. "Inabeba nini?"

"Inabeba mutu moja."

"Na ule mutu anabeba nini?"

"Habebi kitu."

"Sasa anaenda kufanya nini kule anaenda?"

Akazungusha pedali kwa mkono, gurudumu likazunguka. Akaizungusha kinyume, gurudumu nalo likarudi kinyume. Baiskeli zote alizozijua, ukiacha kukanyaga, gurudumu linaendelea lenyewe na miguu inapumzika. Hii mnyororo wake umefungwa moja kwa moja: gurudumu likizunguka, pedali zinazunguka, na miguu yako iko juu yake, utake usitake.

"Mama, hii kinga, baiskeli yako, inarudi nyuma."

"Iko na adabu, muzee. Inafuata mwenyewe."

"Mimi natafuta ya kwenda Rutshuru. Ya kurudi nyuma niko nayo, ni serikali."

Akaondoka. Waliokuja baada yake walikuwa na maneno machache zaidi, na hawakuwa na uso wa kufurahi.

Jioni zile mume wangu alikuwa akienda na diski yake kwenye baa ya jirani yetu mwenye televisheni. Alirudi nyumbani ananieleza juu ya kitu kinachoitwa velodromu. Ni uwanja kama bakuli, alisema, umejengwa kwa mbao. Kwenye kona umeinuka hata unakuwa kama ukuta, na watu wanapita juu ya ukuta ule kwa baiskeli kama nzi juu ya sahani. Wakati mwingine wawili wanatembea polepole kabisa, wanatazamana, karibu kusimama, kila mmoja anataka mwenzake atangulie. Halafu mmoja anachomoka, na huyu naye, na ukipepesa macho mambo yameisha.

Aliwaeleza pia vijana wa chukudu waliokuwa wakikaa karakanani wakingoja matairi yao. Hawa ni watu wanaoshuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi juu ya gari la mbao la magurudumu mawili, wameweka goti moja juu ya ubao, na breki yao ni kipande cha tairi kuukuu wanachokikanyaga. Mambo ya mwendo hayawashangazi.

"Sasa wanatoka wapi, wanaenda wapi?" mmoja akauliza.

"Hawaendi. Wanazunguka."

"Mbona beko na haraka, kama hawaendi?"

Wakacheka hadi mteja wa jirani akatoka kuangalia. Lakini niliona pia kwamba hawakuondoka, na kesho yake walirudi kuuliza jinsi kona ile inavyoinuka.

Sasa niseme kuhusu parsele, kipande chetu cha ardhi, maana hasira yangu inakaa pale.

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa ya mbao, na mlima uliipitia. Tulikimbilia Gisenyi na watoto na godoro moja, nikawahesabu watoto kabla ya mpaka na baada ya mpaka. Tuliporudi, parsele yetu ilikuwa imepanda juu kuliko kichwa cha mume wangu, nyeusi, ya moto bado kwenye nyufa. Ya kaka yake, iliyopakana na yetu, ilikuwa vilevile. Yeye akahamia Bukavu, akasema, kama mnaweza kuipata huko chini, ni yenu. Tukapanga vyumba viwili Mabanga, kwa mwenye nyumba anayeishi upande wa pili wa ukuta na anayejua tunakula nini kabla hatujala. Miaka tuliyokaa pale tulikuwa tukiponda mawe kwa nyundo, kila Jumamosi, hadi parsele zote mbili zikawa uwanja mmoja ulio sawa. Nilitaka nyumba. Nilitaka jiko lenye mlango wake, na ukuta ambao nikikohoa hakuna anayejibu.

Siku tuliyomaliza kusawazisha, mume wangu alitembea pale kutoka mwisho hadi mwisho, akasimama, akasema, "Inatosha."

"Inatosha vyumba vinne na jiko," nikasema.

"Inatosha velodromu. Kadogo."

Mimi sipigani na mtu, napatana naye. Aliomba miaka mitatu. Nikampa hadi Pasaka. Akashuka miwili, nikabaki Pasaka. Mwishoni tulikubaliana hivi: ajenge uwanja wake kwa saruji tuliyokuwa nayo, na ikifika Pasaka azunguke mara kumi mfululizo bila kuanguka na bila kugusa chini. Akishindwa, Jumatatu ya Pasaka tunachimba msingi wa nyumba na sitaki kusikia tena neno la mbao wala la nzi. Akiweza, parsele ni yake mwaka mmoja zaidi. Tulishikana mikono mbele ya mama mkwe. Akasema ameshuhudia ndoa na mahari, lakini hajawahi kuitwa kushuhudia upuuzi.

Akachora mpango kwa mkaa juu ya ubao. Halafu, kwa sababu mtu huyu hawezi kuharibu jambo akiwa karibu, akaenda Kiwanja kutafuta mbao za chukudu, na huko vita vikafunga barabara nyuma yake. Waasi walikuwa hapa, jeshi pale, na mume wangu katikati na mbao zake. Alipiga simu akasema yu salama na muashi aendelee.

Muashi wetu ni mtu mzuri. Ndiye aliyejenga nusu ya mtaa upya baada ya moto. Alitazama ubao wa mkaa kwa muda, akaugeuza, akautazama tena.

"Mama, Papa amekosea. Huku kwenye kona ameweka muteremuko unaangalia ndani."

"Labda ndiyo anavyotaka."

"Mvua ikinyesha, maji yote itaingia katikati. Mutakuwa na ziwa lenu, hamutaenda tena kuchota Kituku."

Mtu wa Goma ataelewa. Hapa ukijenga chochote, ua, ngazi, choo, jambo la kwanza ni maji yatoke kwako yaende barabarani, au kama hakuna anayeangalia, kwa jirani. Fundi anayerudisha maji ndani hapewi kazi ya pili. Basi muashi, kwa heshima yake yote, akamrekebishia mume wangu kosa lake. Kona zote mbili alizijenga kwa mawe ya volkano, akazipaka saruji laini kama uso wa sahani, zimeinuka vizuri sana, na zimeinamia nje. Maji tuliyoyaleta kwa bido, yale madumu ya plastiki, kutoka Kituku kukorogea saruji yaliteremka kwenda kwa jirani bila kuacha tone. Nilimpa chai ya maziwa. Mimi mwenyewe niliona ni kazi safi.

Mume wangu alirudi baada ya majuma, amekonda, sehemu ya njia ameitembea kwa miguu. Mbao zake zilichukuliwa kwenye kizuizi cha pili. Aliwasalimia watoto, akanywa maji, akaenda parsele. Nilimfuata. Alikuwa amekaa juu ya jiwe.

"Mama, kona hii itanitupa."

"Itakutupa wapi?"

"Kwa jirani."

"Ndiko maji yanakoenda. Tulijaribu."

Hakucheka. Alikuwa mtu aliyetoka vitani, na kwa ukaidi wa mtu wa namna hiyo akaipanda baiskeli, akajaribu. Alipofika kwenye kona alikwenda moja kwa moja, akaruka ukingo, akatua katikati ya sombe, mihogo ya jirani yetu, mama mjane aliyekuwa akichuma majani ya jioni. Yule mama alimtazama kutoka kichwa hadi miguu.

"Papa, mlango uko upande huu," akamwambia.

Kwangu mkataba ulikuwa umeisha pale. Pasaka ilikuwa bado kidogo, saruji ilikuwa imeliwa, mume alikuwa na goti kama embe. Lakini vijana wa chukudu walikuja kumpa pole, wakaiona ile kona, na wakakasirika kana kwamba ni wao waliotupwa. Kila siku wanapinda kona za kutoka Kibumba na mzigo, wanajua barabara inapokuinamia na inapokusukuma nje. Walirudi na nyundo na vyuma. Walivunja kazi ya muashi na kuigeuza, jiwe kwa jiwe, wakaishindilia kwa namna ya watu wasiotaka kuulizwa baadaye. Muashi alipita, akasimama, akaniambia taratibu kwamba yeye hayumo.

Siku ya Jumamosi Takatifu tulikuwa watu wengi kuliko nilivyowaalika, kwa sababu sikumwalika mtu. Mama mkwe aliletewa kiti. Nilisimama kwenye mstari, mimi ndiye mhesabu, nani mwingine?

Alianza polepole, akitetemeka, na mzunguko wa kwanza nilijua atashindwa. Wa pili alipanda kidogo kwenye kona. Uwanja ule ulikuwa mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya, mtu amesharudi. Kwenye wa nne aliinuka kabisa, baiskeli ikalala, na yeye akawa amelala nayo, bega lake likielekea kwetu, na sauti ya matairi membamba juu ya saruji ikageuka, ikawa kama kitambaa kipya kinachopasuliwa bila kukoma. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole vya kulia, halafu kwa vya kushoto, ili mikono isipate kusikilizana. Mume wangu ana umri, ana tumbo kidogo, ana nywele nyeupe masikioni. Pale juu hakuwa na chochote kati ya hivyo, na hakuna mwanamke anayependa kugundua hilo siku anayotaka kuchimba msingi.

Mikono yote miwili ilisema kumi. Yeye akaendelea.

"Papa, imetosha," nikapaza sauti.

"Siwezi kusimama!" akajibu akipita. Kweli, hakuna breki. Ilibidi azizuie pedali kwa nguvu ya miguu hadi baiskeli ichoke. Mama mkwe akauliza kama ile mizunguko ya ziada nayo inaongeza mwaka. Nikamwambia hapana.

Basi nikapoteza mwaka. Nililipa kwa uso mzuri na kinywa kibaya.

Jumapili moja, wote wakiwa misa ya pili nami nimetoka ya kwanza, nilikwenda parsele peke yangu nikaipanda. Utoto wangu wote Kiwanja nimeendesha baiskeli, na ndizi nyuma na mdogo wangu mbele. Niliikanyaga hii, na nilipotaka kupumzika miguu, baiskeli ikaniinua kwenye kiti na kunirudisha. Haina mapumziko. Ukiisha kukubali hilo, inakuwa rahisi, na hilo ndilo lililonikasirisha. Nilizunguka. Barabarani macho yangu yana kazi: shimo, jiwe, pikipiki, askari ameketi, kamba imefungwa kati ya miti miwili, unatoka wapi mama, una nini kwenye gunia, tupe ya chai. Pale hakukuwa na kitu cha kuangalia. Nilijua kona inayokuja kwa sababu ndiyo niliyotoka kuipita. Katika Kivu nzima ndiyo barabara pekee niliyoijua isiyo na kizuizi, na haikuwa nacho kwa sababu haiendi mahali ambapo mtu angependa kukuzuia usifike. Nikaelewa anachokipenda, nikashuka kwa taabu, nikarudi nyumbani kupika, sikumwambia.

Mwaka wake haukuwa umefika katikati vita viliposhuka tena. Safari hii havikubaki Rutshuru. Watu waliingia mjini na mbuzi na vitanda kichwani, wakajaza makanisa, wakajaza shule. Asubuhi moja nilimkuta kwenye mlango wetu yule mama wa Kiwanja anayeniuzia maharagwe siku zote, amekuja bila gunia, na mama zake wadogo, na watoto ambao niliwahesabu halafu nikaacha kuwahesabu.

"Mama, tunatafuta fasi ya kulala yenye iko sawa," akasema. "Mahali pote ni mawe."

Mtaa mzima ulikuwa mawe. Kulikuwa na mahali pamoja tu palipo sawa. Nilimtazama mume wangu. Ni parsele yake kwa mkataba, na kama watu wakikaa, nani atajua wataondoka lini? Uwanja ungekwenda, na nyumba yangu ingekwenda nayo. Kwa mara ya kwanza katika jambo hili tulikuwa upande mmoja, na hakuna aliyesema neno la upande huo.

"Wakae katikati," akasema. "Mimi nitapita pembeni."

Mahema yakasimama katikati, na yeye, hata sijui nimwite nani, akaendelea kuzunguka asubuhi. Siku tatu yule mama alivumilia. Ya nne alisimama na sufuria mkononi, akimfuata kwa macho, kichwa kikienda huku na huku.

"Papa, sisi tulikimbia tuko na sababu. Wewe unakimbia nini?"

Akashuka. Watoto wakaichukua kona kuwa mahali pa kuteleza, wanawake wakaanika nguo.

Kisha mvua ikanyesha, ile ya kwetu isiyo na mazungumzo. Kulipokucha tulikwenda, na maji yalikuwa yameteremka kona zote mbili yakakutana katikati. Magodoro yalikuwa yamelowa, unga ulikuwa umelowa, yule mama alikuwa amesimama amembeba mtoto mmoja mgongoni na mwingine begani, maji yamefika juu ya vifundo vya miguu. Hakutulaumu. Ingekuwa afadhali angetulaumu.

Mume wangu alirudi karakanani, akaja na nyundo ile kubwa. Alipanda kwenye kona ya upande wa barabara, pale ambapo siku ya mizunguko kumi bega lake lilielekea kwetu, akaanza kupiga. Vijana wa chukudu walikuwa wameijenga ili isiulizwe, na haikutaka kujibu. Alipiga asubuhi yote. Mimi nilikuwa nikitoa mawe kwa mikono. Miezi mingi nilikuwa nimeomba kona ile ivunjike, na sasa nilikuwa napatana naye kinyume.

"Fungua kidogo tu. Maji hayahitaji mlango mkubwa."

"Mama, sogea."

Akaivunja yote, hadi chini. Maji yakatoka yakaenda barabarani kama muashi alivyopenda. Mume wangu akaketi juu ya mawe, akaomba maji ya kunywa, na yule mama wa Kiwanja akamletea katika kikombe chake.

Waasi waliingia mjini, wakakaa, wakatoka. Watu wetu walirudi kwao baadaye, si wote siku moja. Parsele ilipobaki tupu nilimwambia mume wangu kwamba mkataba ni mkataba, miezi yake iliyobaki bado ni yake, kona moja inajengeka tena.

"Jenga," akasema.

"Usikubali haraka hivyo. Omba hata miezi miwili."

"Jenga nyumba, Mama."

Hivyo ndivyo nilivyoshinda, na sijawahi kupata bei mbaya kama ile.

Muashi alikuja, akakaa siku nzima akijaribu kubomoa kona iliyobaki, akavunja patasi, akanishauri tuiache iwe msingi upande wa jiko. Ndiyo maana nyumba yetu ina vyumba vinne vya kawaida na jiko ambalo ukuta wake mmoja ni mviringo, na chini umelala kama mtu mvivu. Kabati haliwezi kuuegemea. Limesimama mbali nao, na nyuma yake huanguka vijiko, vitunguu, na mara moja paka wa jirani. Mgeni akiuliza, mume wangu humweleza habari ya velodromu tangu mwanzo, chakula kikipoa. Kitu pekee kinachoegemea vizuri pale ni baiskeli, naye ameiweka, na kila nikitaka chumvi lazima niipite.

Mwaka jana muashi alikuja na vijana wawili na mashine ya kukodi, kupima kazi ya kuuondoa ukuta ule. Nilimpa chai. Nikamwambia arudi mvua zikiisha. Zimeisha, na sijamwita.